Sehemu ya Mbele ya Kichwa

Mwaka 1938 daktari mmoja wa serikali ya kikoloni, John Colin Carothers, alikabidhiwa kazi ambayo hakuwa ameisomea. Alikuwa ameingia Kenya mwaka 1929 na kufanya kazi wilayani akitibu malaria, vidonda na kuhara kama madaktari wenzake. Sasa akaambiwa aende Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili iliyo kando ya barabara ya Thika, akaisimamie. Stashahada ya magonjwa ya akili aliipata Uingereza baadaye, miaka kadhaa baada ya kuanza kuwatibu wagonjwa hao. Mathari yenyewe ilikuwa imeanza kama kituo cha kuwatenga wagonjwa wa ndui, na mwaka 1910 ikageuzwa kuwa mahali pa kuwafungia wale walioitwa vichaa. (Ukimtajia mtu wa Nyeri Mathari atafikiri unasema hospitali yao ya wamisionari wa Consolata. Mimi nazungumzia ile ya Nairobi.)

Nilisomea uuguzi wa magonjwa ya akili miaka ya sabini, nikafanya kazi katika miji hii ya Mlima Kenya, Nyeri, Karatina na Kerugoya, hadi nikastaafu na kurudi Sagana. Maandishi ya Carothers nimeyasoma zaidi ya mara moja, na sikuyasoma kwa moyo mtulivu. Niliyarudia tena majuzi kwa sababu ya binti wa kaka yangu anayeishi Massachusetts, Marekani. Binti huyo aliugua sonona, vidonge vikamshinda, akatibiwa kwa mashine ya sumaku inayoelekezwa kwenye ubongo. Nilipomuuliza sumaku hiyo huwekwa wapi, aliniambia huwekwa mbele ya kichwa, upande wa kushoto, juu kidogo ya paji la uso. Nilinyamaza. Hiyo ndiyo sehemu ya ubongo ambayo Carothers aliuandikia ulimwengu kwamba sisi Waafrika hatuitumii.

Hakuwa wa kwanza. Miaka michache kabla yake, H. L. Gordon, daktari aliyekuwa na uhusiano na Mathari, alikuwa akihubiri Nairobi na London kwamba akili ya Mwafrika ina kasoro ya kuzaliwa nayo. Mwaka 1934 F. W. Vint, daktari wa maabara jijini Nairobi, alichapisha matokeo ya kupima bongo 100 za Waafrika waliofia hospitalini. Alizipima uzito, akapima unene wa gamba la juu, akahitimisha kwamba ubongo wa mtu mzima wa Kenya umekomaa kufikia kiwango cha mvulana wa Kizungu wa miaka 7 au 8. Wale watu 100 walikuwa maskini waliokufa kwa maradhi, na ugonjwa na njaa hupunguza mwili wote, ubongo ukiwamo. Jambo hilo halikumzuia.

Carothers alikuwa mpole kuliko Gordon, na hilo ndilo linalonisumbua. Hakuandika kama mtu mwenye chuki. Aliketi na daftari la wagonjwa Waafrika waliolazwa Mathari kati ya 1939 na 1943, akawapanga kwa aina ya ugonjwa, na mwaka 1947 akachapisha aliyoyaona. Sonona ilikuwa haba sana katika hesabu yake. Maelezo aliyotoa ni kwamba Mwafrika hajilaumu, kwa kuwa jamii yake humbebea wajibu wote, na mtu asiyejilaumu hana kinachomwangusha moyo. Mwaka 1951 aliandika makala nzima kuhusu sehemu ya mbele ya ubongo wa Mwafrika. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likachapisha kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika katika afya na ugonjwa, kikasomwa na madaktari wa pande zote za dunia. Humo alidai kwamba tabia zetu zote alizoziona za ajabu zinaweza kuelezwa kwa jambo moja: sehemu ya mbele ya ubongo wetu imelala.

Ili kufahamu uzito wa maneno hayo, yafaa kukumbuka upasuaji ulioanzishwa na Mreno Egas Moniz mwaka 1935. Madaktari walitoboa fuvu na kukata nyuzi zinazounganisha sehemu ya mbele ya ubongo na sehemu nyingine, ili kumtuliza mgonjwa. Wengi walitulia, naam, lakini hawakuwa tena watu wale waliojulikana nyumbani kwao. Moniz alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1949. Carothers aliwatazama Wazungu waliokatwa hivyo, akawatazama Waafrika wazima wenye afya, akasema wanafanana.

Sasa turudi kwenye lile daftari la Mathari. Ni nani aliyefika Mathari mwaka 1940? Mtu aliyepiga watu sokoni, aliyechoma nyumba, aliyekamatwa akitembea uchi mjini Nairobi. Aliletwa na polisi kwa amri ya hakimu. Mama wa hapa Ndia aliyeacha kupalilia, aliyelala ameelekea ukutani kutwa kucha, hakuna askari aliyemfuata. Alibaki kwenye nyumba yake ya nyasi, na mama mkwe akapika badala yake. Carothers alihesabu waliopita mlangoni pake, kisha akatoa hukumu juu ya waliobaki nyumbani. Mwanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza angefanya hivyo ningemrudishia karatasi.

Na waliobaki nyumbani hawakuachwa bila tiba. Wazee wa hapa walikuwa na maneno ya kuelezea mtu aliyezidiwa na kuwaza, na walikuwa na mundu mugo, mganga, wa kumwendea. Huyo alitafuta chanzo: kama mtu alikuwa amepatwa na thahu, uchafu wa kuvunja mwiko, alitapishwa kwa ibada mbele ya jamaa zake, akitaja na kutema kila kilichomlemea. Sitaki kuipamba tiba hiyo kuliko ilivyokuwa. Nimeuguza watu walioharibiwa matumbo na dawa za waganga. Lakini mtu anayetapishwa aondokewe na hatia ni mtu anayejilaumu, na ndugu zake wamejua hivyo, na tiba ilikuwako tayari. Jomo Kenyatta alichapisha London kitabu chake juu ya desturi za Wakikuyu mwaka ule ule wa 1938 Carothers alipoingia Mathari. Mwenye kutaka kujua angeweza kukisoma.

Kisha ikaja Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952. Serikali ilimwita Carothers tena, safari hii aichunguze Mau Mau, maasi dhidi ya wakoloni, kama ugonjwa wa akili, na mwaka 1954 mchapishaji wa serikali jijini Nairobi akatoa kijitabu chake. Ndani yake aliona chanzo cha vita katika hali ya nafsi za Wakikuyu, na akaunga mkono watu wakusanywe vijijini. Wakakusanywa. Kufikia mwisho wa 1955 watu zaidi ya milioni moja wa mlimani walikuwa wamehamishwa kutoka kwenye mashamba yao na kusongamanishwa katika vijiji vipatavyo 800, vyenye uzio, mitaro na walinzi wa homugadi. Sisi tunaviita gichagi mpaka leo.

Mama yangu alikuwa msichana wa gichagi. Upande huu wa Ndia wakati huo ulihesabiwa kuwa sehemu ya Wilaya ya Embu. Asubuhi filimbi ilipigwa, wanawake wakapangwa mstari na majembe na sululu, wakapelekwa kuchimba handaki kando ya msitu wa Mlima Kenya, handaki la makumi ya maili lililosimikwa mianzi iliyochongwa, ili wapiganaji wa msituni wasipate chakula. Walirudi jioni, wakapewa muda mfupi wa kutafuta cha kupika, mlango ukafungwa. Chini yetu huku, kwenye tambarare ya Mwea, wanaume waliozuiliwa kambini walichimba mifereji ambayo leo inanywesha mpunga unaoliwa Nairobi nzima. Wapo waliopigwa hadi wakakiri kiapo cha Mau Mau. Wapo waliokataa wakapigwa zaidi.

Mama hakusimulia mambo ya handaki hadi nilipokuwa mtu mzima mwenye watoto. Lakini nilikuwa nimeyaona tangu nikiwa mdogo bila kujua ninachokiona. Kulikuwa na miezi ambayo alikaa kwenye kigoda jikoni, moto umezimika, sufuria mkononi, na hukujua kama anaiosha au ameishika tu. Alilia bila sauti. Alisema kichwa kinamuwaka, kifua kimejaa, miguu haina nguvu. Alipelekwa zahanati. Ninazo kadi zake za kliniki za miaka mingi, zimelainika kwa kukunjwa, na nimezisoma kama muuguzi: malaria, malaria, presha, vidonda vya tumbo, malaria, baridi yabisi. Hakuna hata mara moja mtu alipoandika sonona. Waliomtibu hawakuwa wabaya. Walikuwa wamefundishwa na watu waliofundishwa kutoka kwa vitabu vilivyosema ugonjwa huo kwetu ni nadra.

Hukumu ile ya Carothers ilianza kuvunjika taratibu. Frantz Fanon, naye daktari wa magonjwa ya akili, alimshambulia Carothers kwa jina katika kitabu chake cha mwisho, mwaka 1961. Mnaijeria Thomas Adeoye Lambo wa hospitali ya Aro, Abeokuta, pamoja na Alexander Leighton na wenzao, waliingia vijijini kwa Wayoruba badala ya kungoja watu hospitalini, na ripoti yao ya 1963 ikaonyesha dalili za sonona tele. Lakini kwangu mimi mwaka mkubwa ni 1979, kwa kuwa nilikuwa tayari kazini. John Orley na John Wing walichapisha utafiti wa vijiji viwili vya Uganda, walivyovilinganisha na mtaa wa kusini mashariki mwa London kwa maswali yale yale. Sonona ilikuwa nyingi zaidi Uganda kuliko London. Mwaka huo huo David Ndetei na Joseph Muhangi walitoa matokeo ya kliniki ya kawaida ya mashambani hapa Kenya, mahali watu huenda wakiumwa kichwa na tumbo. Karibu mgonjwa 1 kati ya 5 alikuwa na ugonjwa wa akili ambao hakuna aliyemuuliza. Niliposoma hayo nilimwona mama na kadi zake.

Na tiba? Hapa lazima nirudi 1938 tena, maana mwaka huo ulibeba mengi. Mwezi wa Aprili, mjini Roma, Ugo Cerletti na Lucio Bini walipitisha umeme katika kichwa cha mgonjwa kwa makusudi ya kumletea degedege, na mgonjwa akapata nafuu. Tiba hiyo ilienea ulimwenguni ndani ya miaka michache, Afrika Mashariki pia. Kwetu huitwa shoti.

Nilipokuwa mwanafunzi nilipewa zamu ya shoti katika hospitali niliyopelekwa kujifunza. Wagonjwa waliamka bila chai, wakaketi kwenye benchi la mbao koridoni. Hakukuwa na mtaalamu wa nusukaputi siku nyingi, kwa hiyo walipigwa wakiwa macho. Kazi yangu ilikuwa kuloweka pamba kwenye maji ya chumvi na kuzikamua kiasi, zisidondoshe maji yakaunguza ngozi, kisha kuzishikilia pembeni mwa paji. Mwenzangu alitia mpira kati ya meno. Wengine walishika mabega, nyonga na magoti, wasishike kwa nguvu sana, kwa sababu mfupa unaozuiwa ndio unaovunjika. Swichi ilibonyezwa. Mwili ulikakamaa, kisha ukatetemeka, kisha ukapumua kwa kukoroma. Wale waliobaki kwenye benchi walisikia kila kitu kupitia ukuta wa mbao.

Mwanamke mmoja wa miteremko ya kahawa aliletwa akiwa haongei wala hali, tunamlisha kwa mpira wa puani. Baada ya shoti ya tano au ya sita alinigeukia asubuhi akaniuliza kama mbuzi wake amezaa. Niliangusha trei. Nasema hivi ili mtu asidhani naikataa shoti. Inaokoa, na leo ikitolewa vizuri, kwa nusukaputi na dawa ya kulegeza misuli, ni tiba ya heshima. Lakini tulivyoifanya iliacha hofu katika milima hii ambayo bado haijatoka. Nimegonga milango ya watu Karatina nikiwa na dawa mkobani, nikajibiwa kwa nyuma ya mlango kwamba mgonjwa wao hapelekwi popote akapigwe stima.

Vidonge vilisaidia. Roland Kuhn wa Uswisi aligundua nguvu ya imipramini katikati ya miaka ya hamsini, amitriptilini ikafuata mwanzoni mwa miaka ya sitini, na hiyo amitriptilini ndiyo niliyoigawa maisha yangu yote ya kazi. Ni ya bei nafuu, inaleta usingizi, inakausha mdomo, na kwa wengi inafanya kazi. Kwa wengine haifanyi. Kati ya watu wanaoanza vidonge vya sonona popote duniani, sehemu kubwa hawaponi kabisa kwa dawa ya kwanza, na wapo wasiosaidiwa na ya pili wala ya tatu. Binti wa kaka yangu alikuwa mmoja wao.

Aliponitumia mchoro wa ile mashine kwenye simu nilikwenda nao kwa fundi mmoja hapa Sagana, kando ya barabara kuu, anayezungusha upya waya za mota zilizoungua. Watu humpelekea mota za posho mill na pampu za kumwagilia nyanya. Kibanda chake kinanuka vanishi. Mchoro ulionyesha koili mbili za duara zimelala ubavu kwa ubavu, umbo la nambari 8. Aliutazama, akasema, "Sista, hapa katikati zinapokutana ndipo nguvu itakuwa kali." Hakuwa ameambiwa chochote. Koili ya umbo hilo ilibuniwa Japani na Shoogo Ueno mwaka 1988 kwa sababu hiyo hiyo.

Kisha akanionyesha. Alichukua koili mbili za shaba kwenye chuma kimoja, moja akaifunga kwenye betri ya gari, nyingine kwenye balbu ndogo ya tochi. Hazikugusana popote. Alipogusisha waya kwenye betri, balbu iliwaka kufumba na kufumbua, ikazimika. Betri iliendelea kutoa umeme lakini balbu ilibaki giza. Alipoondoa waya, ikawaka tena mara moja. "Lazima nguvu ibadilike," alisema. "Ikitulia, haivuki." Hilo ndilo Michael Faraday aliligundua London mwaka 1831, na ndilo linalozalisha umeme wa Kindaruma na Masinga, kwa maji haya haya ya mto unaopita Sagana yetu kabla haujaitwa Tana.

Mwaka 1985 Anthony Barker na wenzake Reza Jalinous na Ian Freeston, mjini Sheffield, Uingereza, walitumia kanuni hiyo kwa ubongo. Mashine yao ilijaza umeme kwenye kapasita na kuuachilia wote kwa mara moja kwenye koili iliyowekwa juu ya kichwa. Uga wa sumaku unaotokea hukaribia nguvu ya zile mashine kubwa za kupiga picha za ubongo, lakini hudumu chini ya elfu moja ya sekunde. Fuvu haliuzuii. Ndani, kina cha sentimita 2 au 3, mabadiliko ya uga huo huzaa umeme mdogo kwenye chembe za ubongo, nazo huitikia. Hakuna degedege inayokusudiwa, hakuna nusukaputi, hakuna mpira mdomoni. Barker alitaka tu kupima njia za fahamu kutoka ubongoni hadi mkononi. Madaktari wa sonona waliichukua baadaye. Picha za ubongo zilikuwa zimeonyesha kwamba kwa wagonjwa wengi wa sonona sehemu ya mbele ya kushoto inafanya kazi pungufu, kwa hiyo Mark George wa Marekani aliilenga hapo kwa wagonjwa 6, akachapisha mwaka 1995. Alvaro Pascual-Leone na wenzake nchini Uhispania wakafuata kwa wagonjwa 17 mwaka 1996. Marekani iliidhinisha mashine ya kwanza kwa sonona mwaka 2008.

Nisome tena, taratibu. Sehemu ya mbele inafanya kazi pungufu kwa wagonjwa wengi wa sonona, Wazungu, Wahindi au Waafrika, na inaweza kuamshwa. Carothers alichukua alama ya ugonjwa, akaifanya asili ya watu, kisha akasema watu hao hawaugui ugonjwa wenyewe.

Namna mahali penyewe panavyotafutwa ilinifurahisha kama muuguzi, kwa kuwa ni kazi ya mikono na macho. Binti aliketi kwenye kiti kama cha daktari wa meno, macho yamefunguka. Waliweka koili upande wa kushoto wa kichwa, juu ya usawa wa sikio, wakapiga mpigo mmoja mmoja wakisogeza kidogo kidogo, hadi kidole gumba cha mkono wake wa kulia kiliporuka chenyewe. Hapo wakajua wamefika penye amri ya mkono, na kiasi cha nguvu kilichokirusha kidole kikawa kipimo chake yeye, si cha mtu mwingine. Kisha wakasogeza koili mbele sentimita 5 na nusu. Siku hizi wengine hutumia picha za ubongo badala ya kupima hivyo. Alikuwa amesuka nywele nene siku ya kwanza, wakamwomba azifumue, maana kila milimita inayoiweka koili mbali na ngozi hupunguza nguvu. Aliniambia, "Shangazi, ni kigogota anayegonga fuvu." Walimpa vizibo vya masikio. Mipigo 10 kwa sekunde, kwa sekunde 4, kisha kupumzika, kisha tena, hadi mipigo 3,000. Dakika 37 na nusu kwa siku, siku 5 kwa wiki.

Wiki mbili za kwanza hakuona kitu. Alitaka kuacha. Katika wiki ya nne alinipigia simu akiwa amekwenda dukani kununua sukuma na vitunguu bila kulazimishwa na mtu, na alikuwa akicheka kwamba ananipigia kuniambia habari ya vitunguu. Hakupona siku hiyo, na mwaka uliofuata alirudi kwa vipindi kadhaa. Mashine hii haimsaidii kila mtu. Kwa wale ambao vidonge vimeshawashinda, katika kliniki za kawaida huko Marekani, zaidi kidogo ya nusu hupata nafuu kubwa, na kama theluthi moja dalili zao huisha. Maumivu ya kichwa ni ya kawaida mwanzoni. Degedege hutokea mara chache sana. Mwenye chuma ndani ya kichwa haguswi. Kwa mgonjwa asiyekula wala kunywa, yule mama wa mbuzi, bado ningechagua shoti.

Mtu ataniuliza kwa nini nahangaika na sumaku wakati hata amitriptilini huisha kwenye zahanati. Swali ni halali. Lakini nimesikia "tuanze na yaliyo rahisi" kwa muda mrefu mno, na mara nyingi lilimaanisha kwamba huzuni yetu ni ndogo, inatoshwa na kidonge kimoja na ushauri wa kwenda kanisani. Sheria yenyewe ilituona hivyo. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimhesabu mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, na nimeuguza watu wodini huku askari amekaa kando ya kitanda akingoja wapate nguvu awapeleke kortini. Kifungu hicho Mahakama Kuu ilikitangaza kuwa kinyume cha Katiba Januari 2025. Jopo la afya ya akili lililoongozwa na daktari Frank Njenga lilikuwa limependekeza mwaka 2020 kwamba ugonjwa wa akili utangazwe janga la kitaifa. Na Februari 2024, huko Kangai hapa Kirinyaga, watu zaidi ya 10 walikufa kwa pombe ya sumu. Magazeti yaliandika juu ya pombe, leseni na polisi. Wanaume wengi wa aina hiyo niliwahi kuwahoji kliniki, na ukimwacha azungumze, kabla ya chupa kulikuwa na usiku mrefu usio na usingizi, shamba lililogawanywa mara tatu, mke aliyeondoka, na aibu ya kusema.

Kwa hiyo nasema waziwazi: naitaka mashine hii mlimani, katika hospitali ya umma. Katika wodi na kliniki za umma nilizofanyia kazi sijaiona. Kizuizi ninachokijua mimi ni nauli. Mama wa Mwea hawezi kulipa matatu siku 5 kwa wiki kwa wiki 6, akaacha vibarua vya mpunga, akae kwenye kiti nusu saa. Lakini mwaka 2018 utafiti wa Kanada kwa wagonjwa 414 ulionyesha kwamba mipigo ya haraka ya dakika 3 tu inafaa sawa na ile ya dakika 37. Mashine moja inaweza kumaliza foleni ya kliniki kabla ya saa sita mchana. Ningeiweka Kerugoya, na nyumba ndogo ya kulala wanaotoka mbali. Kukitafuta kidole gumba anaweza kufundishwa muuguzi yeyote mwenye mkono mtulivu. Lakini wa kwanza kufundishwa awe kijana wa hapa hapa, anayeongea Kikuyu cha Ndia na Gichugu, kwa sababu katika zile wiki mbili za mwanzo mgonjwa haoni nafuu yoyote, na lazima awepo mtu wa kumshika mkono mlangoni na kumwambia kwa lugha yake arudi kesho.